Usimnyang'anye mtu sahani yake

Haya ni maongezi niliyoyatoa kwa watu wanaompikia nyumbani mtu aliyeambiwa apunguze chumvi au mafuta. Wengi waliomba niyaandike, nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Habari za jioni wapendwa. Asanteni kwa kuja, najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja na kuna watu nyumbani wanawasubiri mkapike, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nianze na baba yangu. Baba alipimwa presha ikakutwa juu, aliyempima akamwambia kwa kifupi tu acha chumvi, acha mafuta, acha vya kukaanga, akaandikiwa dawa tukarudi nyumbani. Mimi ndo nilikuwa nampikia. Jioni ile ile nikachukua mapaja ya kuku nikayatoa ngozi, nikayachemsha kwenye maji bila hata punje ya chumvi, pembeni viazi vya kuchemsha, nikamtengea. Sasa mjue kwamba kuku wa kukaanga ndo ilikuwa sahani ya baba tangu sisi wadogo, ile ya jioni ya mwisho wa wiki, anaipika mwenyewe, sisi tumejazana jikoni tunasikiliza mafuta yanavyolia na kugombania kipande chenye ganda jingi. Siku hiyo alimega mara mbili, akanishukuru, akasema ameshiba. Usiku nikaamka kunywa maji nikamkuta jikoni, taa hajawasha, amesimama na kile kipande mkononi amekimwagia chumvi mpaka inaonekana nyeupe juu ya nyama. Hakuniona. Nikarudi kitandani na nililia jamani, manake nilimuona mzee wangu anajificha kula ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Pale ndo nikajua nimekosea. Ushauri wa presha ulikuwa sahihi kabisa, ila mi nilichukua ushauri nikamnyang'anya mtu sahani yake. Tangu hapo nimepika vyakula hivi vya utotoni mara nyingi sana, nikiharibu na kurudia, na kitu ninachotaka mwondoke nacho leo ni kimoja. Kila chakula cha namna hii kina sehemu moja ambayo kumbukumbu imekaa hapo. Inaweza kuwa mlio wa ganda, inaweza kuwa harufu, ulaini, ule mchuzi unaobaki chini ya sahani. Ukiijua hiyo sehemu ukaiacha kama ilivyo, hivyo vingine vyote unaweza kupunguza, kubadilisha, kutoa kabisa, na mlaji wako atakula mpaka amalize. Ukiigusa hiyo, hata mengine yote uyaache vile vile, atakwambia kimebadilika.

Utaijuaje? Muulize. Mwambie afumbe macho akuelezee hicho chakula, alafu sikiliza neno la kwanza. Nilimuuliza baba, akasema "kile kishindo ukiuma". Hakutaja mafuta hata mara moja! Akataja kishindo, alafu harufu ya kitunguu saumu, alafu akaanza kusimulia nani alikuwa anakaa wapi mezani. Kumbe miaka yote hiyo mafuta lita nzima kwenye karai yalikuwa yanafanya kazi ya kutengeneza kishindo tu, na kishindo kinaweza kutengenezwa kwa njia nyingine.

Kuhusu harufu niseme kidogo kwa sababu ndo inabeba mzigo mkubwa hapa. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, ile inayopanda kutoka mdomoni kwenda puani kwa njia ya nyuma ya koo wakati unatafuna, ndo maana ukiwa na mafua chakula kinakuwa kama karatasi. Na njia ya harufu kwenye ubongo iko karibu sana na sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu, karibu kuliko ya macho au masikio. Kwa hiyo mtu akinusa kitunguu kinaiva akakumbuka jiko la bibi yake, usimwone anadeka, mwili wake ndo ulivyoumbwa. Na habari njema kwenu nyie mnaopika ni kwamba harufu haina kalori wala haina sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi inayopandisha presha, unaweza kuongeza utakavyo.

Haya, turudi kwa kuku. Mapaja yenye mfupa, yatoe ngozi, manake mafuta mengi ya kuku yapo kwenye ngozi na chini yake hapo. Yaloweke usiku kucha kwenye mtindi uliotiwa kitunguu saumu kilichopondwa, paprika, pilipili manga na chumvi kidogo, nusu ya ile uliyozoea. Sasa sikilizeni hapa kwa sababu hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanachukua chenga za mkate mbichi wanampaka kuku wanamtupa kwenye oveni, anatoka mweupe, amelowa, amesikitika, wanasema oveni haiwezi. Chenga zikaange kwanza zenyewe kwenye kikaango na vijiko viwili vya mafuta, moto wa wastani, unakoroga bila kuacha, dakika nne tano mpaka ziwe rangi ya karanga zilizokaangwa na jiko zima linukie. Hapo rangi na mlio tayari umeshavipata kabla kuku hajaingia. Mkung'ute kuku mtindi wa ziada, mbonyeze kwenye chenga, mpange juu ya waya wenye sinia chini ili hewa ya moto ipite pande zote, oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 220 za Selsiasi, dakika 35 hadi 45 kutegemea ukubwa wa kipande. Kama una kipima joto cha nyama, pale ndani karibu na mfupa ifike 74. Ukikuta chenga zinataka kuungua kabla nyama haijaiva, mfunike juu kwa foili.

Hesabu ya mafuta ni rahisi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha kulia chakula ni kama gramu 14, yaani kalori zinazokaribia 120, na hiyo ni mafuta yoyote, ya alizeti, ya zeituni, yote sawa upande wa kalori. Vipande vinane kwa vijiko viwili, gawanya mwenyewe. Na wale ambao hawataki kabisa kuachana na ngozi, sawa, mwacheni kuku nayo ila asipakwe chenga, mkausheni kwa kitambaa cha karatasi, mpakeni bekingi pauda kidogo, kama vijiko viwili vya chai kwa kilo, mwacheni kwenye friji bila kufunika usiku mzima, ngozi itakauka na kwenye oveni itapasuka kwa kishindo. Ila bekingi pauda nayo ina sodiamu, kwa hiyo chumvi siku hiyo muipunguze zaidi.

Kwanini kuku wangu wa kuchemsha alishindwa? Kuna Mfaransa anaitwa Louis-Camille Maillard, mwaka 1912 alieleza kinachotokea sukari na vijenzi vya protini vikikutana kwenye joto, ule ukahawia na ile harufu ya nyama iliyookwa, ganda la mkate, vitunguu vilivyoiva. Jambo lenyewe linakwenda haraka joto likifika kama 140 na kuendelea. Maji yanayochemka hayavuki 100. Basi nyama iliyochemshwa tu haipati ile harufu hata uichemshe siku nzima, na harufu ndo ilikuwa nusu ya sahani ya baba. Kwa hiyo popote unapotaka kupunguza mafuta, usipunguze ukahawia.

Tambi na nyama ya kusaga. Nyumba nyingi hii ndo sahani ya watoto na hata wakikua wanairudia. Kumbukumbu yake, kwa wengi niliowauliza, ipo kwenye ule mchuzi mzito mwekundu na harufu ya kitunguu, nyama yenyewe hata hawaitaji. Basi nyama punguza nusu. Nusu nyingine weka dengu za kahawia zilizochemshwa zikaiva ila hazijavurugika, au uyoga uliokatwakatwa mdogo mdogo kama nyama yenyewe. Ila kuna mpangilio wake. Kitunguu kwanza, kijiko kimoja cha mafuta, moto mdogo, dakika 20 mpaka 25, kikikauka unatia kijiko cha maji unakwangua chini, unaendelea, mpaka kiwe kahawia na kitamu chenyewe, hapo huhitaji tena ile sukari ambayo watu wanatia kwenye mchuzi wa nyanya. Kitoe. Nyama iingie kwenye sufuria kavu yenye moto mkali, iache itulie ishike rangi kabla ya kukoroga, mafuta yanayojitoa yamwage. Alafu nyanya nzito ya kopo, ikaange pale pale dakika mbili mpaka iwe na rangi ya matofali. Ndipo kitunguu kirudi, nyanya, karoti iliyokwaruzwa, dengu, vijiti vya mimea ya harufu, na moto mdogo nusu saa. Nimewapikia watu hii mara nyingi na hawakujua kuna dengu mpaka nilipowaambia.

Na mnapata faida ambayo hamkuitafuta, manake dengu zinaleta nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Sahani ya zamani ya tambi nyeupe na nyama ilikuwa inatoa kidogo sana.

Viazi vya kuponda. Hapa kumbukumbu ni ulaini, na siagi ile inayoyeyuka juu. Nusu ya viazi badilisha na koliflawa. Najua mmeshasikia ushauri huu na mmeshaujaribu mkapata uji. Sababu ni mbili. Moja, koliflawa inabeba maji, ukishaichemsha na kuichuja irudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo dakika tatu, itikise, uone mvuke unatoka mpaka unapungua. Pili, usisage viazi kwenye blenda! Blenda inavunja wanga wa viazi, vinakuwa gundi. Koliflawa peke yake ndo isagwe, viazi viponde kwa mkono, alafu vichanganye na maziwa ya moto. Siagi usichanganye ndani, ikienda ndani inapotea na unajikuta unaongeza tena na tena. Chota kijiko kimoja tu, weka juu ya bakuli wakati wa kupakua, watu waione inayeyuka, ulimi unakutana nayo kwanza. Watu wanne wanatosheka na kijiko kimoja, nimejaribu.

Makaroni na jibini ni mambo ya uso wa juu, ule ukoko wa kahawia kila mtu anautafuta na kijiko. Tumia jibini kali iliyokomaa badala ya ile laini isiyo na ladha, ukitumia gramu 100 ya kali inasikika kuliko 200 ya ile nyingine. Rojo litengeneze kwa maziwa na unga kijiko, ongeza boga lililochemshwa likasagwa, linaleta rangi ile ile na uzito ule ule, na kijiko cha chai cha haradali. Jibini itie ukishaepua, kwenye moto mkali inakatika inakuwa mafuta na kamba. Na theluthi ya jibini yote iwe juu, ichanganywe na zile chenga zetu. Sipendekezi jibini zilizotolewa mafuta yote kwa hii kazi, haziyeyuki vizuri, zinakuwa kama mpira.

Soseji nitazipita haraka. Kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kiliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, kwa hiyo mi nazitoa kwenye chakula cha kila wiki. Anayezikumbuka mara nyingi anakumbuka moshi na viungo, paprika ya moshi na mbegu za shamari kwenye nyama ya kusaga ya kawaida vinamfikisha karibu sana.

Sasa chumvi, na hapa naomba tukae kidogo, manake wengi wenu mmekuja kwa sababu ya presha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa siku nzima, chakula chote, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, jibini, mchuzi wa kopo na vile vidonge vya kutia ladha kwenye supu. Vile vidonge sehemu kubwa ni chumvi, someni pakiti. Dunia kwa wastani inakula zaidi ya mara mbili ya hapo.

Ukimtolea mtu chumvi yote kwa siku moja atafanya alivyofanya baba, atajificha. Ulimi unazoea, lakini unazoea kwa wiki kadhaa, sio kwa usiku mmoja. Mi nilichofanya nilipima. Nilichukua kikombe nikaweka chumvi ya wiki nzima ya nyumba yetu, nikaona inavyoisha, wiki iliyofuata nikapunguza robo kijiko, sikumwambia mtu. Ikaenda hivyo karibu miezi miwili mitatu. Siku moja tukaletewa supu na jirani, baba akaonja akaweka kijiko chini akasema mbona chumvi imezidi hivi. Ilikuwa supu ya kawaida kabisa, mimi ndo nilijua kilichotokea.

Wakati unapunguza, jaza pengo. Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908 aligundua kitu kwenye mchuzi wa mwani kinacholeta utamu wa nyama, akakiita umami, na kitu hicho hicho kipo kwenye nyanya zilizoiva sana, uyoga mkavu, jibini iliyokomaa. Uyoga mkavu kidogo uliolowekwa, maji yake yaende kwenye supu, unaweza kusahau kile kidonge. Alafu ndimu au limau mwishoni kabisa, wakati wa kupakua, matone machache yanafanya chumvi kidogo isikike kama nyingi. Na chumvi yenyewe bakisha sehemu utakayoinyunyiza juu mwishoni, badala ya kuizamisha yote mwanzoni.

Kuna pia chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. China walifanya utafiti mkubwa kwenye vijiji 600, watu karibu 21,000, majibu yakatoka 2021, waliotumia hiyo chumvi walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kuliko waliobaki na ya kawaida, na Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuitumia majumbani. Ila nawasihi sana, mwenye tatizo la figo asiiguse bila daktari, na baadhi ya dawa za presha zenyewe zinapandisha potasiamu, kwa hiyo ulizeni kwanza anayewatibu. Mimi kwa baba niliuliza, nikaambiwa kwa dawa anazotumia haimfai, nikaacha.

Yule mama wa nyuma ameuliza kuhusu nyama ya rojo, ile inayopikwa masaa. Mama, hiyo ndo rahisi kuliko zote, ipike siku moja kabla. Ipoe, iingie friji ndani ya masaa mawili, gawanya kwenye vyombo vidogo ipoe upesi. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama sahani nyeupe, yanyanyue na kijiko yote, huna haja ya kubahatisha. Rojo likikaa usiku linakuwa tamu zaidi, alafu unalipasha mpaka litoe mvuke kote, mara moja tu, kiasi cha kula.

Na kaka hapa mbele ameuliza, je mtu akila kidogo kidogo ile ya zamani yenyewe, bila kubadilisha? Inawezekana, na mi kwa siku moja kubwa ya mwaka naruhusu. Baba siku ya kuzaliwa kwake nilimwambia achague, karai au oveni. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema oveni sawa, ila chenga akaange yeye mwenyewe, na kweli alisimama pale jikoni na mwiko, wajukuu wamejazana wanasikiliza, anawaambia msikorogee kando, korogeni katikati, subirini rangi.

Haya, sinia lile pale mezani lina mapaja 24, yametoka kwenye oveni dakika kumi zilizopita, na bakuli la viazi lipo pembeni yake. Njooni sasa kabla ganda halijalainika, watoto wapite kwanza.